Harusi ya Nasriya na Ubawa wa Ndege ya Kiholanzi

Azaiba, Maskati
Mwisho wa Rajabu

Kwa dada yangu Bi Mahbuba bint Nasor,
Mwembetanga, Unguja.

Asalaam aleikum. Nnatumai waraka huu utakukuta mzima, goti limetulia, na ile sukari inayokupanda kila ukisikia jina langu imeshuka kidogo. Nasriya hajambo? Na jirani yako Bi Zuwena, bado anaazima mbuzi ya nazi na kuirudisha haina meno? Mie huku sijambo sana, sijambo mpaka watu wananionea wivu. Joto halijaanza, usiku natandika mkeka nje na kulala kama sultani asiye na wake wa kugombana nao.

Utashangaa kuona barua. Utasema Sleyum kapatwa na nini, simu imemfia? Simu nzima, dada. Lakini mie nikishika simu mdomo unanikimbia, unasema yake. Kwenye karatasi mkono wangu ni wa polepole, elimu yangu unaijua, niliishia darasa la sita, na hilo la sita lenyewe nusu yake nililisomea nje ya dirisha kwa utundu. Mkono ukiwa wa polepole uongo unachoka njiani. Kwa hivyo nimekaa, nimetia miwani, naandika.

Kwanza khabari za ndege, maana kila siku unanambia nikueleze vizuri, ndege gani, na mie mshona kofia nimeingiaje humo.

Basi sikiliza. Ndege ni ya kivita, ya Kiholanzi, aina ya Fokker, imeundwa kabla baba yetu hajaota ndevu. Ina mbawa mbili, mmoja juu na mmoja chini, kama vile vitanda vya ghorofa vya skuli za bweni, na viti viwili vimefuatana, cha rubani mbele na cha mwenzake nyuma. Waholanzi waliipeleka Java walikokuwa wakitawala, na Wajapani walipokuja na vita vyao ikaanguka kwenye shamba la chai. Watu wa shamba wakaufanya mwili wake banda la kuku. Wallahi dada, yale mabomba ya chuma ya tumboni tulipoyafungua tulikuta manyoya gunia zima. Elijah, Mkenya anayechomelea vyuma hapa karakana, anasema lilikuwa nyoya moja. Elijah wakati huo alikuwa nje anakunywa chai, ataona wapi?

Aliyeinunua ni tajiri wa hapa, Alaa, ambaye mama yake ni mtu wa Unguja na Kiswahili anakisema kwa kuchanganya kama sisi sote. Kontena lilishukia Sohar, kwa sababu Bandari ya Sultan Qaboos siku hizi ni ya meli za watalii tu, na karakana kaifungua nyuma ya maduka ya barabara kuu, hatua chache na chumba changu. Mie nilikuwa nimekaa mlangoni nashona kofia ya vitundu. Alaa akasimama, akaichukua ile kofia, akaigeuza ndani nje, akatafuta pa kuitia kasoro, akapakosa. Akaniuliza kama naweza kushona kitu kikubwa zaidi. Nikamwambia mie hata bahari, akitaka, ntaishonea mfuniko. Ndivyo nilivyokuwa fundi wa ndege.

Maana ndege hizo, dada, hazikuvaa bati. Zimevaa nguo! Ubawa una mbavu za mti, na juu ya mbavu kinavutwa kitambaa cha kitani, kisha kinashonewa kwenye mbavu kwa mkono. Mashine haifai. Unataka mkono uliozoea kofia.

Bwana mkubwa wa kazi alikuwa Mholanzi, jina lake Wiebe, mzee mrefu, viganja kama sinia, aliyeyatumia maisha yake kuzifufua ndege za kwao za zama za vita. Zimebaki chache sana, anazijua moja moja na ilipolala kila moja, kama mtu anavyojua makaburi ya jamaa zake. Hataki kitu kipya pale cha zamani kinapoweza kuponywa. Bomba lenye kutu halitupi, atalikwangua, atalitia dawa, atalipapasa, utasema ana mtoto mwenye homa. Kwenye bomba moja palikuwa na tundu la risasi. Elijah akataka kulichomelea lizibike, Wiebe akapiga ukelele mpaka muuza matunda wa nje akaja kutazama nani kafa. Kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno akatufahamisha kuwa katika ndege nzima lile tundu ndilo neno ambalo ndege imelisema yenyewe, yaliyobaki tutayasema sisi. Akalipa nguvu kwa ndani, akaliacha lionekane.

Injini ni ya Kiingereza, silinda kumi na mbili. Siku ya kuiwasha mafundi waliitana, wakainama, wakainuka, haikuwaka. Mie nikaitegea sikio nikasema kohozi liko kushoto. Wakafungua kushoto, ikawaka. Upepo wake ukanivua kofia, ile ya buluu aliyonishonea marehemu mama, na mpaka leo sijaiona, nasikia iko Seeb inavaliwa na mtu mwengine. Siku nyengine akaja mkubwa mmoja wa jeshi la Kiholanzi kuitazama ndege, na alipofika mbele yangu akanipigia saluti, mie, hadharani. Elijah anasema alikuwa anafukuza nzi. Elijah ana choyo. Ndiye aliyetangaza kuwa ndege hii siku ikianguka, polisi watamtafuta kwanza mshona kofia.

Lakini kazi khasa ni kushona ubawa, na hii nataka uifahamu, usiipitie juu juu. Ubawa tulikuwa tukiusimamisha kwa ubavu wake, ukawa kama ukuta katikati ya chumba. Mie nakaa upande huu, Wiebe upande wa pili. Sindano ndefu kama mkono kutoka kiwiko. Nnaisukuma, inatokea kwake, anaipitisha ng'ambo ya ule ubavu wa mti, anairudisha kwangu, nakaza, nafunga fundo. Kila mshono na fundo lake, ili mmoja ukikatika jirani yake asifuate. Mwenzio humuoni. Unaiona ncha inatafuta pa kutokea, na unasikia pumzi. Wiebe Kiswahili chake kilikuwa neno moja, vuta, na mie Kiholanzi sina hata hilo moja, lakini tulikuwa tukizungumza siku nzima! Mie namhadithia Mwembetanga, namhadithia ndugu yetu marehemu Harub alivyoanguka na baiskeli ndani ya duka la halua, na yeye ananihadithia sijui nini, pengine alikuwa anahisabu mishono, na sindano inakwenda inarudi. Kisha nguo inapakwa dawa inayonuka kama rangi ya kucha, inajikaza mpaka ukiigonga inalia kama dufu. Mwisho inachorwa pembetatu ya rangi ya chungwa yenye mpaka mweusi, alama ya kwao ya vita.

Tangu alipofariki mke wangu Shariffa, Mungu amrehemu, sijapata kukaa karibu na mtu namna ile. Nakula kwenye mkahawa wa Wahindi, kwenye meza ya pembeni, na mhudumu siku hizi haniulizi hata ntakula nini, ananiwekea tu sahani anakwenda zake. Chakula chao kizuri, sikilaumu. Lakini mtu anapenda kuulizwa.

Sasa nije kwenye lako.

Ndugu yetu Harub hakuacha mtoto wa kiume, kaacha Nasriya peke yake, ukamlea weye shangazi yake. Babu yake keshatangulia. Kisheria aliyebaki wa kumuozesha ni mie ami yake, na bila ya neno langu hakuna ndoa. Sinan alipoleta posa baada ya Hija ukanipigia siku ya Ijumaa. Ukasema nije, na kama siwezi kuja niandike uwakala, kadhi amuozeshe kwa niaba yangu. Nikakwambia dada, ubawa. Ijumaa ya pili ukapiga, nikasema ubawa. Kisha nikataka kujua babu yake Sinan ni nani, ukanambia. Nikataka kujua anasali msikiti gani, ukanambia. Nikauliza kama anakoroma, ukanambia nikatafute adabu nilipoiacha. Yeye mwenyewe Sinan kanipigia, kijana wa watu, fundi wa mafriji, kaniita baba, kasema kazi ya ndege ni kazi nzito na yeye atangoja. Nikamuombea dua ndefu ambayo ndani yake hamkuwa na ndiyo wala siyo. Weye ukafika kusema, kwa sauti ile ya marehemu mama, kuwa Sleyum ukiulizwa jambo unakuwa kama mtu aliyemeza gololi.

Wiebe alikuwa akiniona. Ijumaa hapa si siku ya kazi, lakini baada ya sala mie na yeye tulikuwa tukenda karakana, hatuna pengine pa kwenda. Simu inalia, natoka nje, narudi nacheka. Siku moja akaniuliza ni nani huyo anayenifurahisha hivi. Nikamweleza, kwa Kiingereza chake na changu, ambavyo ukivijumlisha havifiki darasa la nne. Akauliza, huyo kijana ni mtu mbaya? Nikasema hapana. Msichana hamtaki? Nikasema anamtaka. Nikaisukuma sindano.

Haikurudi.

Nikangoja. Nikadhani kaangusha kitu. Nikauvuta uzi kidogo, ukakataa, nikajua mtu kaushika. Nikazunguka ubawa nikamkuta kakaa juu ya sanduku, sindano iko mkononi, anaitazama kama haijui. Akanambia binti yake kaolewa mwaka juzi na yeye kajua kwa picha. Kwao baba haombwi ruhusa, na wao wawili walikuwa wamenuniana tangu zamani, basi hakuna aliyekumbuka kumwambia. Akasema angeulizwa yeye, angejibu kabla swali halijesha. Kisha akainuka, akapangusa suruali, tukaendelea. Hakunisema hata neno moja. Bora angenisema.

Mkataba wake ukamalizika kabla ya ubawa wa juu, akarudi kwao. Uliobaki nikaushona peke yangu. Nasukuma sindano, nainuka, nauzunguka ubawa, naipokea mwenyewe, nairudisha, nauzunguka tena kwenda kufunga fundo. Elijah akasema nimngoje amalize kuchomelea aje anishikie upande wa pili. Nikamwambia mie nna mikono mirefu.

Dada, sasa kaa kitako.

Ubawa umekwisha. Umekwisha tangu mfungo nane, zaidi ya miezi miwili sasa. Ndege ilifunguliwa, ikafungwa kwenye makontena, imekwenda Uholanzi kukaa kwenye nyumba ya makumbusho, haitoruka, itatazamwa. Karakana ninayokwambia kila Ijumaa kuwa imejaa wageni na mafundi, ina mafuta sakafuni tu, na Elijah anatengeneza mageti ya watu. Zile kelele ulizokuwa ukizisikia kwenye simu, mpaka ukanambia nisogee mbali na mashine, ni mie mwenyewe nilikuwa nikigonga bati kwa nyundo huku nazungumza. Elijah alinikuta siku moja. Hakucheka, akanipokonya nyundo akasema bati lile ni la mteja.

Ya saluti siyafuti. Ile ilikuwa saluti.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza na mie. Sinan sina lake baya. Nasriya nampenda, ni damu ya Harub, anacheka kama yeye, pumzi inakwenda ndani badala ya kutoka. Ni hivi, dada, na usimsomee mtu. Kabla ya posa mlikuwa mkinipigia Idi mpaka Idi, na Idi nyengine laini zilikuwa mbovu. Sikulaumuni, kila mtu na shughuli zake. Ilipokuja posa, simu ikawa inalia kila Ijumaa. Ami umekula? Ami kikohozi kimepoa? Sleyum unasemaje? Watu wazima wamekaa Unguja wanangoja mie niseme neno! Nikaona siku nikisema ndiyo, mtanipigia mara moja kunishukuru, mtapiga vigelegele, kisha kimya. Basi ile ndiyo nikaificha. Nikawa naila kidogo kidogo.

Sikuona kama nadhulumu. Nilijiambia harusi haiozi. Mpaka Ijumaa iliyopita, hukupiga weye, kapiga Nasriya. Hakutaja harusi. Kaniuliza kama mikono inaniuma kwa kushona. Nikamwambia haiumi. Kisha kidogo kidogo yakamtoka. Kuwa mama yake Sinan kachoka, anataka ndoa ndani ya Shaabani kabla watu hawajaingia kufunga, na kama si hivyo mwanawe atatafutiwa kwengine. Kuwa weye ulitaka kwenda kwa kadhi ukashitaki kwamba ami haonekani, ili kadhi awe walii wake wa kumuozesha. Na kuwa yeye Nasriya kakataa. Kasema haozeshwi na hakimu kama mtoto aliyeokotwa na hali ami yake yu hai. Kawaambia wakwe zake mbele ya watu kuwa ami anashona ndege ya vita, ni amana ya watu, haiharakishwi. Walimcheka, dada. Walimcheka, na yeye akasimama na ubawa wangu.

Halafu kanambia nisijitie haraka, wao watangoja. Nilipokata simu niliona haya hata mbele ya birika.

Basi hili hapa. Mie Sleyum bin Nasor, mwenye akili zangu, bila ya kulazimishwa na mtu, nimeridhia Nasriya bint Harub aolewe na Sinan kwa mahari waliyokubaliana, na nimempa kadhi wa hapo Unguja uwakala wa kumuozesha. Karatasi ya uwakala yenyewe, kwa Kiarabu, imo ndani ya bahasha hii, na mashahidi waliotia mkono ni Alaa na imamu wa msikiti wetu. Elijah naye alikuja na kalamu yake. Nikamwambia shahidi wa jambo hili lazima awe Muislamu, akanuna, akasema tumbo la ndege nzima kalichomelea yeye leo anaonekana hafai, kisha akatupikia chai na tangawizi nyingi ya hasira. Bahasha anaichukua mpwa wake Alaa, anaruka kesho kuja Unguja, ataileta mkononi mwako. Fanyeni ndani ya Shaabani. Msiningoje mie, msingoje kitu. Na kwa mama yake Sinan mwambie kosa ni la ami, mtoto hana lake. Mwambie hivyo hivyo, usinipambie.

Limebaki langu moja, na hili ndilo lililonikalisha na karatasi tangu asubuhi. Neno mlilokuwa mkilitaka kwangu nimekupeni, sasa sina tena kitu mnachokihitaji. Tikiti naweza kukata. Lakini nikija ntakuja mtupu, si walii, si fundi wa ndege, ni mtu tu anakuja kula pilau na kukaa baraza ya wanaume kuwasikiliza wenziwe. Nambie kama mna nafasi ya mtu kama huyo. Ukisema hamna sitokasirika, ntakufahamu. Ukisema ipo, nipigie, na usingoje Ijumaa.

Nisalimie Bi Zuwena, mwambie ntamletea mbuzi ya nazi mpya yake mwenyewe. Nisalimie wote wa mtaani wanaonikumbuka, na wasionikumbuka wakumbushe. Goti lipake mafuta ya habasoda, usiwasikilize madaktari peke yao. Mungu akuweke, akupe nguvu za kuicheza harusi.

Na Nasriya, kabla hujamwambia jengine lolote, mwambie ami yake kasema ndiyo.

Ni mie ndugu yako,
Sleyum bin Nasor